Mama wa Ndugu Watatu

Mashine ya gemu Guled aliileta kutoka Eastleigh, Nairobi, mwaka wa tisini na tano, ikiwa imezungushiwa shuka na kutumbukizwa katikati ya gunia la mitumba ili isigongwegongwe na mashimo ya barabara. Mama yake, Ebla, alipoiona imewekwa mkekani alidhani ni redio iliyong'olewa spika.

"Si redio, hooyo," Guled akamwambia mama yake. "Inaunganishwa na televisheni. Ukibonyeza hapa, yule mtu kwenye kioo anatembea."

"Anatembea kwenda wapi?"

Guled akacheka. Alikuwa amesafiri na ile mashine siku nzima na swali hilo halikuwa limempitia kichwani.

Ebla hakuzaliwa mjini. Alizaliwa upande wa Modogashe, katika familia ya ngamia, na mama yake alikuwa mwanamke ambaye watu wa mahema mengine walikuja kumsikiliza akisimulia. Ukame wa themanini na nne uliwamaliza ngamia wote isipokuwa mtamba mmoja, na huyo naye akapotea siku walipokuwa wakielekea Garissa. Mumewe, Diriye, akawa mpakuzi wa mizigo ya malori, kisha kifua kikamuua. Ebla akabaki na Guled, mtoto wake wa pekee, na kazi ya kuuza maziwa ya ngamia wa watu wengine. Mdomo wa mama yake alikuwa ameurithi wote. Lakini sokoni nani atakuuliza hadithi? Watu huuliza kama maziwa ni ya leo.

Guled alifungua chumba cha mbele cha nyumba yao, mtaa wa Bula Iftin, akaweka mabenchi na televisheni, na vijana wakaanza kuja. Kaseti za gemu alizokuja nazo zilikufa moja moja kwa vumbi, mpaka ikabaki moja. Ilikuwa ya Kijapani, au ya Kichina, hakuna aliyejua. Maandishi yake yalionekana kama nyayo za kuku matopeni. Ilianza hivi: nyumba ndogo, mwanamke amesimama mlangoni, mnyama mweupe anapita mbio na kutokomea. Kisha kisanduku cha maandishi. Kisha mwanamume mdogo mwenye fimbo anatoka, anashika njia, na kuanzia hapo kazi ni ya mchezaji: nyoka, mawe yanayoporomoka, ndege wenye makucha, na mbele kabisa mto mpana wenye mawe ya kurukia.

Vijana walicheza kama wanaogombana. Walisukumana, walinyang'anyana ile pedi ya kubonyezea, mtu wa fimbo akafa, akafa tena, akafa tena, wakamtukana, wakampa mwingine zamu. Baada ya miezi michache wengi walikuwa wamechoka. "Ni kuruka tu," walisema, wakaenda kukaa kwenye vibanda vya chai.

Alasiri moja Ebla aliingia na birika la chai. Aliyekuwa akicheza ni Doyo, kijana wa Kiorma aliyefanya kazi ya kuchota mchanga mtoni, mkimya, mwenye mikono mikubwa. Nyoka akamgonga mtu wa fimbo, akaanguka. Papo hapo akatokea tena, mzima, pale pale.

"Huyu amekufa," Ebla akasema. "Sasa ametoka wabi?"

Alisema kwa Kiswahili kwa sababu Doyo hakujua Kisomali vizuri, na Kiswahili cha Ebla kilikuwa kile cha sokoni, p ikigeuka b.

"Ana maisha matatu, Eddo," akajibu Nuh, kijana wa jirani. Wote pale walimwita Eddo, shangazi.

"Nani amemubea maisha tatu?"

Guled, aliyekuwa ameegemea mlango, akatabasamu. "Hakuna anayejua, hooyo. Imeandikwa pale, lakini nani atasoma?"

Ebla akaweka birika chini. Akakitazama kile kioo kwa muda, yule mwanamke mlangoni, yule mnyama mweupe anayekimbia. Wengine walikuwa wamebishana mara nyingi kama ni mbuzi au mbwa.

"Hii si mutu moja," akasema polepole. "Hii ni ndugu tatu. Mama yao moja, ule anasimama mulango. Wamefanana, ndiyo maana nyinyi nafikiri ni mutu moja. Na hii nyama si mbusi. Ni ngamia, mtamba, ndiyo imebaki yao beke yake. Sasa imebotea. Kubwa anaitwa Keinan. Keinan ametoka kutafuta, nyoka ameua yeye hapa sasa hivi, nyinyi mumeona. Huyu amekuja nyuma ni Awil. Anajua ndugu yake amelala kwa hiyo mahali. Ataruka juu ya kaburi. Doyo, bole bole, usikanyage."

Doyo hakukanyaga. Alimrusha Awil kwa uangalifu kama mtu anayebeba yai, na safari hii hakuna aliyemnyang'anya pedi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kesho yake Nuh alimwuliza kama wa tatu naye ana jina. Anaitwa Deeq, Ebla akasema, na ndiye mdogo, bado ananyoa ndevu za kwanza, na mama yake hakutaka aende. Alimwambia nini mlangoni? Alimwambia, ukifika kwenye mto usinywe kabla ya kumtaja Mungu, na ukimkuta ngamia usimpige, mwite tu, anajua sauti yetu. Ebla hakuwa amekaa kuyatunga haya. Yalikuja yenyewe, kama maziwa yanavyokuja ukishamshika mnyama vizuri.

Wale waliokuwa wamehamia kwenye vibanda vya chai wakarudi. Kaseti ilikuwa ile ile, nyoka wale wale, mawe yale yale ambayo walishayakariri. Lakini sasa mtu aliyepoteza Keinan kwa mzaha alizomewa. Ebla alibadilisha habari kila siku: leo Keinan ana mchumba aliyemwacha, kesho Awil ana deni la maneno makali aliyomwambia kaka yake usiku wa mwisho na hakupata nafasi ya kuomba radhi. Awil alipokuwa akipita pale Keinan alipoangukia, kijana mmoja aliyegombana na nduguye alitoka nje, na kesho yake wakaja wawili, wakakaa benchi moja.

Siku moja Doyo alifika mbali kuliko wote. Keinan na Awil walikuwa wamekufa, Deeq amesimama kwenye jiwe la kwanza la mto. Mto ule ulikuwa umewashinda wote. Ebla alikuwa akisimulia jinsi yule mama kule nyumbani alivyoacha kupika chakula cha watu wanne, akawa anapika cha wawili. Doyo akainamisha kichwa. Kisha akaweka pedi chini, akainuka, akaizima mashine.

Kelele zikazuka. Umefanya nini? Ulikuwa umefika!

"Afadhali asifike," Doyo akasema, "kuliko afe na huyu."

Guled alimsimulia mkewe Hamdi habari hiyo huku akifuta macho kwa kucheka, na mkewe aliona kwamba si kucheka kutupu. Walikuwa wamefunga ndoa mwaka wa tisini na sita. Hamdi alikuwa msichana wa Wajir, mwenye haya, asiyeingia chumba cha wanaume, kwa hiyo hadithi yote aliipata kwa mumewe. Jioni Guled alikuwa akija uani, anamrudia maneno ya mama yake mpaka na sauti. Na mchana, vijana wakichelewa kuja, yeye mwenyewe alishika pedi na Ebla akakaa pembeni, mmoja kwa vidole, mwingine kwa mdomo. Kila Ebla aliponyamaza kupumua, Guled alimwuliza, "Halafu, hooyo?" kama alivyomwuliza akiwa na miaka minne.

"Halafu Deeq atavuka," Ebla alimwambia, "na ngamia atamsikia, na watarudi."

"Watarudi mpaka nyumbani?"

"Mpaka mlangoni."

Kisha ikaja ile mvua ya mwisho wa tisini na saba. Watu wa Garissa wanajua kuomba mvua. Hii haikuwa ya kuombwa. Mto Tana ukapanda, barabara ya Nairobi ikakatika, mafuta yakaadimika, stima ikawa ya kubahatisha. Chumba kikafungwa. Huko malishoni mbuzi wakaanza kutupa mimba, zizi zima kwa usiku mmoja, na wakubwa wakafa wakitokwa na damu puani. Maow, kaka yake Ebla, alikuwa amezingirwa na maji na mifugo yake upande wa mashariki. Akatuma mtu: anaomba msaada wa kuokoa waliobaki na kuwachinja walio taabani kabla hawajawa mizoga.

"Nitamwendea abti yangu," Guled akasema. Hakukuwa na mjadala. Mjomba ni mjomba.

Alikaa huko akichinja, akichuna, akiburuta. Mikono yake haikukauka damu. Aliporudishwa ilikuwa kwa mkokoteni wa punda, matope yamefika kwenye ekseli, naye amelala ubavu akifunika macho kwa kiganja kwa sababu mwanga ulimuumiza. Ebla alifikiri ni malaria. Nusu ya mtaa walikuwa na malaria. Hospitali ilikuwa imejaa mpaka varanda, na wauguzi walifanya walichoweza. Ule ugonjwa ulikuwa bado haujapata jina midomoni mwa watu, waliuita tu homa ya damu. Fizi zake zikaanza kutoka damu. Hamdi alishika beseni. Ebla alishika kichwa.

"Hooyo," Guled alimwambia, sauti yake imekuwa nyembamba, "nisimulie."

Ebla akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Yeye ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya chumba kizima cha wanaume, alikaa pale akimpangusa mwanawe midomo, akasema tu, "Nyamaza, mwanangu, usijichoshe," na tena, "Usijichoshe." Guled alifariki kabla ya adhuhuri.

Walimwosha wazee wa msikiti kwa woga na kwa heshima. Wanawake hawakwenda makaburini. Ebla alibaki uani, na kwa vile ardhi ilikuwa matope matupu, alisikia miguu ya watu waliobeba jeneza ikinasuka, hatua kwa hatua, mpaka ikapotea. Wageni wa kufariji walipokuja walimkuta amekaa wima. Walisema Mungu amempa subira. Haikuwa subira. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa mbali na anajaribu kukumbuka alikuwa akisema nini.

Maji yalipopungua na stima ikarudi, Doyo na Nuh walikuja mlangoni. Walikuwa wamevua viatu tangu nje.

"Eddo," Nuh akasema, "hatukuja kwa ajili ya mchezo. Tumeona tu chumba kimefungwa, na sisi... tulitaka kukaa na Guled kidogo. Pale alipokuwa akikaa."

Aliwafungulia. Walifagia matope yaliyokauka, wakapangusa kioo. Mashine ikawaka. Yule mwanamke akatokea mlangoni, mnyama mweupe akapita. Doyo alishika pedi, na kwa mazoea wote wakageuza nyuso kumtazama Ebla.

Alijaribu. "Keinan ametoka," akasema. Keinan akaenda, mawe yakamfunika. "Awil ametoka." Awil naye akafika kwa ndege wenye makucha, hakuwapita. Akatokea Deeq, mdogo, mwenye fimbo yake, na chumba kikasubiri. Ebla hakusema kitu. Kilichosikika ni ule muziki tu, wa kurukaruka, ambao siku zote sauti yake ilikuwa ikiufunika. Deeq akafika mtoni. Akaruka jiwe la kwanza, la pili, akateleza. Maji yakamfunika bila alama.

Kioo kikawa cheusi, kisha nyumba ikarudi. Mwanamke mlangoni. Mnyama anapita. Kijana anatoka na fimbo yake, mzima.

"Zima," Ebla akasema.

Doyo hakuelewa haraka.

"Zima! Hiyo mama nabata wote tena. Nasimama hapo, nangoja dakika moja, nabata wote." Akashika pembe ya shungi lake akaiminya. "Mimi nilikuwa na moja. Sikuwa na Keinan. Sikuwa na Awil. Ni moja tu."

Doyo alizima. Ebla ndiye aliyetangulia kutoka, na tangu siku hiyo hakusimulia tena.

Eda ya Hamdi ilipoisha, kaka yake alikuja kutoka Wajir kumchukua. Hawakupata mtoto, na mjane mwenye umri ule ana maisha mbele yake. Ebla mwenyewe ndiye aliyesema aende. Asubuhi ya safari, lori likiwa linapakiwa barabarani, Hamdi alikuja kukaa karibu naye mkekani, magoti yakagusana.

"Eddo, kuna jambo Guled alinikataza nisikwambie. Sasa sijui katazo linakaa mpaka lini."

"Sema."

"Ile gemu. Alifika mwisho."

Ebla akageuka.

"Miezi michache baada ya harusi. Alikuwa peke yake alfajiri. Akavuka mto, akapanda majabali, akaingia kwenye pango. Mlikuwa na joka, akalipiga mpaka likapasuka. Halafu kioo kikawa cheusi na yale maandishi ya nyayo za kuku yakaanza kupanda, yakapanda, mpaka yakaisha."

"Na ngamia?"

"Hakumwona."

"Hawakurudi mlangoni?"

"Hawakuonyesha kurudi. Aliniambia, Hamdi, watu walioitengeneza walimsahau mama. Wamemwacha amesimama pale, hakuna aliyemletea habari. Nikamwambia, basi mwambie Eddo. Akasema hapana. Akasema, nikimwambia atanyamaza, na mimi nataka kusikia namna wanavyorudi. Yeye peke yake ndiye anayejua."

Ebla akahesabu. Mwaka mzima na zaidi, basi. Mwaka mzima Guled alikaa kwenye lile benchi, anajua kwamba ndani ya ile mashine hakuna ngamia wala safari ya kurudi, na kila jioni akamwuliza mama yake, "Halafu, hooyo?" na alipoambiwa mpaka mlangoni akafurahi. Na siku ile alipoomba asimuliwe, alitaka nini kama si hicho? Alikuwa amelala pale akisubiri kurudishwa nyumbani, naye mama akamwambia asijichoshe.

Kilio kilimjia wakati huo. Hakikuwa cha sauti ya msibani; kilimkunja tumboni kama uchungu wa uzazi, na Hamdi alimshika mabega mpaka kaka yake akaita mara ya tatu kutoka barabarani. Waliagana wakiwa wamelowana nyuso. Lori likaondoka kuelekea Modogashe, njia ile ile ambayo Ebla alikuja nayo akiwa na mume, mtoto wa miaka kumi, na mtamba mmoja.

Hakuitaka tena mashine nyumbani. Binamu wa Nuh alikuwa amefungua ukumbi karibu na soko, wenye televisheni mbili na gemu za mpira na za ngumi. Ebla akamwambia aichukue. Yeye akarudi kwenye maziwa yake.

Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, mwaka wa tisini na tisa, alipokuwa akipita na madebe yake mawili mbele ya ukumbi ule. Ndani kulikuwa na vijana wapya, wengine wamevaa kofia nyuma mbele kama wa Nairobi. Aliusikia ule muziki wa kurukaruka, akasimama bila kukusudia. Alisikia mtu akianguka kwenye gemu, kicheko, mwingine akianguka, kicheko kikubwa zaidi, wa tatu. "Jamaa ni mjinga kabisa!" mmoja akapiga kelele. "Weka ile ya ngumi, hii haina maana." Yote yaliisha kabla debe halijaanza kumchoma bega.

Doyo alikuwa ameketi karibu na mlango. Alimwona. Akainuka, akatoka nje, akampokea debe moja bila kusema salamu, na wakaenda pamoja upande wa kivuli.

"Niliwaambia majina yao, Eddo," akasema. "Keinan, Awil na Deeq. Walicheka. Nilijaribu kusimulia vile ulivyokuwa ukisimulia, lakini kwangu haitoki."

"Wacha wao. Wao hajui hawa watu."

"Mimi niliwajua."

"Najua. Wewe ulijua wao."

Walifika sokoni. Wanawake wengine walikuwa wameshapanga vibuyu vyao, na mahali pa Ebla palikuwa wazi. Doyo alitua debe taratibu, akalizungushia udongo lisiyumbe. Akashika njia ya mtoni kwenye mchanga wake. Ebla aliketi, akafunua debe, akachovya kikombe. Mwanamke mmoja aliyembeba mtoto alikuja, akainama, akauliza kama maziwa ni ya leo.

"Ya leo," Ebla akasema, akammiminia.